Mbao kwa Dada, Ukuta kwa Kaka

Walikuwa wameshagawana nyumba kabla sijafika:
ukuta ni wa Mihambo,
mbao ni za Nyanzala.
Skatingi ya mninga, vyumba vitatu na ukumbi,
baba yao aliileta kwa behewa kutoka Kaliua
mwaka uleule wa njaa uliompa binti jina.
Isevya nzima ilimcheka: watu wanatafuta unga,
yeye anavalisha ukuta viatu.

"Usiuchubue ukuta wangu," alisema kaka,
funguo zikimzunguka kidoleni.
"Usinipasulie hata ubao mmoja," alisema dada,
helmeti ya bodaboda bado kichwani.
Nikapiga goti katikati yao
kama mtu anayeuguza mgonjwa asiye wake.

Kwanza rangi. Wenye haraka husahau rangi.
Nilihesabu tabaka tano kwa ncha ya wembe:
krimu, kijani cha zahanati, krimu tena,
buluu ya harusi au ya msiba, sikuuliza,
na nyeupe ya juzi, ya Mihambo, bado inanuka.
Rangi ni gundi ambayo hakuna aliyeitaja.
Usipoikata kutoka kona hadi kona
ubao utaondoka na ngozi ya ukuta.

Kisha nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Ko, ko, ko: patupu.
Ko, ko, tu: hapo pana msumari. Chaki.
Bapa jembamba likatangulia, mtaimbo mdogo ukafuata,
na nyuma ya mtaimbo nikaweka kijibao
ili kisigino cha chuma kisilalie lipu,
maana lipu ile ni ya chokaa juu ya tofali za udongo,
inamong'onyoka kama mkate wa jana.
Unasukuma kidogo. Unasubiri.
Unahamia msumari wa pili, wa tatu,
unarudi kuusalimia wa kwanza.

Ubao wa kwanza ulitoka ukikohoa vumbi.
Nyuma yake njia za mchwa waliokufa zamani,
maganda ya karanga,
na senti hamsini, ile ya sungura.
Nyanzala akaiokota.
Mihambo akasema sarafu ilikuwa ya ukuta.
Niliwaachia hilo. Misumari niliivuta kwa koleo, kwa nyuma,
maana ukiigonga irudi ilikoingilia, inapasua uso.
Nikaandika migongoni kwa penseli:
Ukumbi 1. Ukumbi 2. Ukumbi 3, karibu na redio.

Kazi iligoma chumbani kwa mzee,
nyuma ya kilipokuwa kichwa cha kitanda.
Pale alipigilia mwenyewe, misumari ya nchi sita,
kama mtu aliyeshawasikia wanawe wakigawana.
Nilisukuma. Lipu ikalia.
Ufa mwembamba ukapanda hadi kwenye swichi.
Nikaacha.

"Ng'oa," alisema dada.
"Thubutu," alisema kaka.

Nikatoa wembe wa msumeno wa chuma,
nikaufunga kitambaa upande wa kushikia.
Vidole vyangu vinene, upenyo finyu.
Nikamwangalia Nyanzala. Akavua helmeti.
Nikamkabidhi Mihambo mtaimbo: shikilia hapo, usizidishe.
Dada akakata, kaka akashikilia.
Treni ya mizigo ikapita, vioo vikatetemeka,
hakuna aliyeinua uso.
Hawakusemezana. Nisiongeze chumvi.
Ila jasho la mmoja lilidondoka kwenye mkono wa mwingine
na halikufutwa.

Ubao uliachia mzima.
Nusu ya kila msumari ikabaki ukutani,
nusu ikaenda na mbao kwenye guta, kuelekea Cheyo.

Ndani kulibaki mstari chini ya kuta zote,
upana wa kiganja, rangi ya udongo,
kama kifundo cha mguu wa aliyevua soksi.
Nililipwa nusu pesa, nusu asali.
Jana Mihambo amenipigia,
anauliza skatingi mpya inauzwaje kwa mita.
Nimemwambia nitaulizia.
Sijaulizia.