Masafa Nisiyoyasikia

Sanduku la kumi na moja liko juu ya meza ya jikoni,
kati ya mkate mweusi na dawa zangu za presha.
Sidii mia sita na tatu. Nimezihesabu mara mbili,
maana theluji ya Kaunas haina haraka
nami pia sina.

Kompyuta inauliza, kwa adabu:
nizihifadhi kwa umbo gani?

WAV ni mzigo mzima na gunia lake,
ila haujui jina la mwenyewe.
Ukiufungua kesho utakuta Wimbo wa Nne, Wimbo wa Tano,
kama watoto ambao mwalimu hakuwaandika.
FLAC inakunja bila kukata:
shati linaingia na vifungo vyake vyote,
ukilikunjua ni lilelile.
MP3 ni mshonaji mwenye mkasi.
Anaitazama sauti kubwa, anaitazama ndogo
iliyojibanza nyuma yake,
anasema, hii nani ataiona?
Kipande kinaanguka sakafuni.

Miaka thelathini na minane nilisawazisha piano za watu.
Za kanisa, za shule, na ya mjane mmoja
kule Vilijampolė aliyenilipa kwa viazi.
Kazi yangu ilikuwa kusikia
kile ambacho mwenye nyumba alidhani hakipo.
Mtu wa mkasi nilimchukia kabla hatujajuana.

Skirmantė, mjukuu wangu, miaka kumi na miwili,
akasema: Babu, punguza maneno. Tupime.
Akanifunga macho kwa taulo la vyombo.
Kipande kilekile mara ishirini,
kizima, kilichokatwa, kilichokatwa, kizima,
kwa mpango alioujua yeye.
Matoazi, fidla, mwanamke akivuta pumzi.
Nilijibu kama hakimu.

Kumi kati ya ishirini.
Ningerusha sarafu ningepata hizohizo.

Zamu yake alipata kumi na saba.
"Matoazi, Babu. Yale ya mkasi
yanalia kama yanaoshwa ndani ya karai.
Kweli husikii?"

Nikalikunja taulo, pembe kwa pembe,
nikalikunja tena.
Tangu lini?
Piano ngapi nimeziacha na kasoro huko juu,
kwenye noti za mwisho za kulia,
nikapokea ahsante na bahasha,
nikashuka ngazi nikipiga mluzi?

Vytenis, jirani, anasema chukua MP3,
ile ya mia tatu na ishirini, inatosha,
nunua diski ndogo, chenji tule samaki.
Nimekosa la kumjibu.
Asiye na mguu hanunui jozi ya viatu.

Nimebonyeza FLAC.

Dakika sita kila sidii, nyingine nane.
Ile ya kwaya ya wanafunzi ina mkwaruzo,
mashine imeirudia sekunde moja
mara arobaini, hamsini, bila kukasirika,
jinsi nilivyokuwa nikiurudia waya mmoja
hadi mama mwenye nyumba anatoka kwenda sokoni.
Mwishowe ikaipata. Au ikasema imeipata.
Mimi nitajuaje?

Jumapili Skirmantė akachukua nyimbo tisini,
akazibana kuwa MP3, kipimo cha chini kabisa.
"Simu imejaa, Babu."
Akaondoka na basi la umeme la jioni,
spika moja ya sikio hai, ya pili imekufa wiki iliyopita.
Masikio yake, yale ya kumi na saba!
Nilicheka peke yangu hadi chai ikapoa.

Juu ya diski nimebandika karatasi: HII NZIMA.

Kesho nitampigia simu mtoto wa yule mjane.
Piano bado iko, nimeulizia.
Nitamwambia aite fundi kijana,
upande wa kulia, noti tano za mwisho,
gharama juu yangu.
Akitaka viazi, nitapeleka viazi.