Ua la Pembe Saba

Karatasi ilikuwa ndani ya kopo la biskuti,
chini ya risiti za simiti na pete ya mama iliyopinda.
Ukurasa wa daftari la duka. Nyuma, deni la mtu:
sukari kilo mbili, mafuta ya taa nusu chupa.
Mbele, mwandiko wa baba, herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu:
*Mimi Shekuwe bin Athman, na akili zangu timamu,
nikifa, thuluthi ya nilicho nacho apewe Mwanamize
aliyewanyosha wanangu viungo mama yao alipofariki.
Kinachobaki kigawanywe kama alivyogawa Mungu.*
Mwaka themanini na saba. Basi.

Hakuna muhuri. Hakuna wakili.
Famau aliishika kwa ncha za vidole
kama samaki wa juzi.
"Hii hata muuza njugu hafungii."
Lali hakusema kitu. Lali ana deni Mombasa,
na wenye madeni ni wasikivu sana.

Sitajifanya malaika. Usiku ule nilipiga hesabu
juu ya bahasha ya hospitali:
wao mafungu mawili mawili, mimi moja,
na bila thuluthi ile fungu langu lanenepa,
latosha paa, latosha karo ya Zaharia.
Makaa yalikuwa mekundu jikoni.
Karatasi ingekwisha kabla chai haijachemka.

Chumba cha pili Mwanamize alikuwa akikohoa.
Hajui kama yumo ndani ya kopo.
Tangu matanga aliuliza jambo moja tu:
nani sasa atatia mafuta bawaba za mlango?

Karani wa mahakama ya kadhi
ana mafua, na kalamu tatu mfukoni.
"Cheti cha kifo. Vitambulisho. Barua ya chifu.
Muhuri? Muhuri si kitu, dada. Watu ndio kitu.
Nani aliuona mkono ukiandika?"

Chini ya maandishi pana alama mbili:
saini ya Aboud Kubwa wa Langoni,
huu mwaka wake wa kumi na nne kaburini,
na pembeni, badala ya jina, ua.
Ua dogo la pembe saba, ya saba fupi.
Nilidhani mtoto alichezea kalamu.

Hadi Ijumaa, nimepanda kigoda, chupa ya mafuta mkononi,
uso karibu na kizingiti cha juu,
nikaliona limechongwa mtini:
pembe saba, ya saba fupi.
Miaka yote napita chini ya shahidi.

Yuko Matondoni, hai, mzee Bwanaheri seremala,
hajui kusoma, hakuwahi kujua.
Akaipapasa karatasi kwa kidole gumba.
"Babako hakunimalizia ujira wa mlango.
Ndiyo sababu pembe moja haikwisha.
Na hapa nikaichora vivyo hivyo, asije akasahau.
Bado shilingi mia mbili."

Deni mbele, kisha wasia, kisha mirathi:
hata Famau analijua hilo.
Nikamhesabia noti. Akazihesabu tena.

Jumanne atakuja mbele ya kadhi,
shahidi mmoja hai, mmoja mfu; sijui kama watatosha.
Ila mzee amelipwa, na anataka kuja na patasi,
aimalize kazi yake.
Nimemsihi asubiri hukumu.
Pembe ile ikikamilika,
mlango hautafanana tena na karatasi.