Koni ya Inchi Kumi na Tano

Anyimike aliileta kwa bajaji, imefungwa kanga,
kama mgonjwa anayekimbizwa Muhimbili.
Koni imechanika, koili imeungua,
inanuka sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni.
Nikamuuliza: umeipigia nini hii, baruti?
Akacheka. "Warusi," akasema.

Miaka sita Voronezh. Alikwenda kusomea misitu,
akarudi na shahada, na koti zito lisilo na kazi hapa,
na flashi moja nyekundu anayoivaa shingoni
kama mwingine avaavyo hirizi.

Nikatia koni mpya, nikalehemu waya, nikangoja gundi.
Gundi haina haraka, na mimi siku hizi sina.
Kisha nikachomeka.

Kwanza hakuna kitu. Mvumo tu,
friji ya mwenye bucha ikiwaza.
Halafu gitaa likaingia, kama ni gitaa:
lori la saruji linapanda mlima kwa gia ya kwanza,
limezidiwa, halisimami,
na nyuma yake ngoma inahesabu moja,
inakwenda kunywa chai,
inarudi, inahesabu mbili.

Chogo, anayeuza chaja mlango wa pili,
mtoto wa singeli, damu inayoitangulia miguu,
akachungulia: "Fundi, huo wimbo betri inaisha?"

Sikumjibu. Kiganja changu kilikuwa juu ya koni.

Kuna jambo wateja siwaambii.
Sikio langu la kushoto lilikufa mwaka wa uchaguzi ule,
nikijaribu vipaza sauti vya gari la matangazo.
La kulia linaishi kwa mkopo.
Filimbi, kinanda, sauti za wanawake
hunifikia zimepauka, chai ya majani ya jana.
Mke wangu huniita mara tatu; ya nne, hurusha kandambili.
Fundi wa spika asiyesikia. Haya, chekeni.

Lakini hii ilipitia mlango wa nyuma.
Ilipanda kiganjani, ikavuka kiwiko,
ikaketi mbavuni kama mgeni anayejua pa kuketi.
Kwenye kifuniko cha kopo skrubu zangu zikaanza kutembea,
ndogo kwa kubwa, zikakusanyika upande mmoja
kama watu waliosikia kuna msiba.

Anyimike ananieleza, akipiga kelele upande wa kulia:
wako watano, hawana kampuni, hawana bosi,
wanarekodi kwenye banda la matrekta mabovu,
theluji ikiziba mlango wanaendelea mpaka iyeyuke.
Kila wanachookota wanatia: kodiani ya harusi,
tarumbeta ya jeshi, bibi mmoja akiomboleza,
kichuma cha kung'ata kwa meno
kinacholia kama nyuki ndani ya chupa.
"Pilau," nikasema.
"Hapana, makande. Pilau ina adabu."

Na wanaimba nini?
"Nilimuuliza mmoja, akasema ni habari ya mto ulioganda.
Mwenzake akasema ni habari ya supu."

Dakika ya kumi na moja, wimbo bado ni uleule,
umeme ukakatika.

Mtaa wa Swahili mzima ukaguna. Feni zikakata roho.
Nilijua spika imezima, niligusa, imenyamaza,
lakini meza bado inatetemeka.
Ng'ambo ya barabara, jenereta la Mpemba wa vitambaa
limeshawaka, na linavuma noti ileile,
palepale Warusi walipoiachia,
chini kidogo labda, imechafuka dizeli.

Anyimike akafumba macho.
Chogo, muuza chaja ambaye simu yake haina chaji,
akaanza kugonga kidole kwenye kioo cha meza yake.
Moja.
Akakosea, akawahi. Akarudia.
Moja.

Baadaye nilimwambia Anyimike
spika yake ilikuwa tayari tangu saa sita.
Akasema anajua.