Saba Aliyeshuka Ngazi

Swali la kumi na nne, jaribio la wilaya:
panga 7, 0, 3, 5 upate namba ndogo kuliko zote.
Nikaandika 0357.
Mwalimu Eliaichi akaizungushia wino mwekundu:
"Sifuri hatangulii msafara.
Mbele ni hewa tu; nyuma ya mwenzake ndipo anapobeba mzigo."
Jibu lilikuwa 3057.

Jioni hiyo, Kibosho, baridi ya Julai,
baba kaketi na stakabadhi ya kahawa
kama mtu aliyemeza buni na ganda lake.
Kwa mkaa, ukutani, alijumlisha magunia: kilo 370.
Karatasi ya chama: 307.
Mama akasema, "Wametuibia."
Baba akapunguza utambi.

Nikatoa. Sitini na tatu.
Nikagawa kwa tisa. Saba, bila baki.
Mwalimu alituonya: tofauti ikikubali tisa,
kabla hujamwita mtu mwizi
tazama kama tarakimu hazikubadilishana viti.

Zilikuwa zilezile. Tatu, saba, sifuri,
hakuna iliyopotea njiani.
Saba tu alishuka ngazi moja,
kutoka makumi hadi mamoja,
akashuka na viatu vya Ndeanka
na bati tatu za jikoni.

Asubuhi baba aliteremka na daftari langu kwapani.
Karani alisoma, akakuna kisogo,
akaomba kalamu.

Mtihani wenyewe, Septemba, nilikosa maswali tisa.
La sifuri halikuwamo.