Tangi la Maji Machafu

Nzigire alinijia karakanani Ndosho
na kamyoneti, mashine ya kusafishia mazulia mgongoni,
akasema: la maji safi ninalo, Tsongo,
nitengenezee la kurudishia uchafu.
Nikacheka. Nilidhani ni kazi ya mtoto:
pande sita za bati, tundu la kuingilia, tundu la kutokea.

Siku ya kujaribu akaziba mdomo wa mpira kwa kiganja.
Mashine ikavuta.
Tangi langu likalia mara moja, kwa!
likabonyea tumbo kama mbwa aliyepigwa teke
mbele ya wateja wawili
na mwanafunzi wangu Baseme, asiyejua kunyamaza vizuri.

Nilikuwa nimejihami na kujaa.
Hakuna aliyeniambia kuwa utupu nao una mikono.

La pili nikalikunja duara,
bati la milimita tatu, mbavu tano kwa nje,
maana cha mviringo hugawana maumivu
na cha bapa huyabeba katikati, peke yake.
Likavumilia.
Basi tukateremka kutoka Katindo na lita mia tatu,
chukudu la makaa likakatiza njia,
Nzigire akakanyaga breki, gari likatii,
maji hayakutii.
Yalikuja kutoka nyuma kama watu waliosikia mlima umepasuka,
yote kwa pamoja,
yakatusukuma hadi kwenye meza ya muuza mayai.
Trei mbili.
Usiku ule nikalipasua, nikatia kuta za ndani,
zenye matundu chini na upenyo juu:
maji yapite, ila yapite kwa kuombana njia.

Halafu povu.
Boya linayajua maji: yakipanda linapanda,
linakata mvuto kabla mashine haijameza.
Lakini povu si maji wala si hewa,
lilipita kando ya boya bila hodi
na mashine ikakohoa sabuni Himbi nzima.
Nikainua bomba la mvuto hadi karibu na paa la tangi,
nikalivika kofia. Nzigire naye humimina siki kikombe kimoja
kabla ya kazi; gari linanuka kachumbari.

Sakafu nimeilaza kuelekea kwenye vali, vidole viwili tu.
Tope la hapa si vumbi, ni mlima uliosagwa.
Likilala usiku mmoja, asubuhi unachonga.

Kwenye kikapu cha waya, chini ya mfuniko,
ndipo nyumba za watu husema.
Punje za mchele. Kifungo. Nta ya mishumaa
kutoka sebule iliyokesha matanga.
Mara moja, jino la mtoto.
Nzigire alilifunga kwenye karatasi ya risiti, akalirudisha.
Mwenye nyumba akalitazama mlangoni,
akasema humu hatuna mtoto,
akalipokea.

Ubavuni nimetia kidirisha cha kioo kinene.
Kuna wateja husema zulia lilikuwa safi, kwa nini walipe?
Nzigire habishani. Huwapeleka kidirishani.

Baseme ndiye aliyeuliza: na haya tunayamwaga wapi?
Nikamwonyesha jiwe la lava nyuma ya karakana,
lina vitundu kama mkate.
Lita mia tatu zikapotea humo kabla sijamaliza kukohoa.
Tulisimama pale.
Jiwe halishibi, lakini halihifadhi.
Linateremsha tu, polepole, hadi ziwani,
na kesho yake alfajiri dada yake Baseme
anashuka ziwani na bidoni mbili za manjano.

Sasa kuna shimo la saruji, na mapipa matatu ya mchanga,
na tope kavu tunalolikusanya kwenye magunia
tukiwa bado hatujui la kulifanyia.
Nzigire anasema shimo halikuwa kwenye makubaliano.
Ni kweli, halikuwemo.
Ananidai trei moja ya mayai.
Mimi namdai dola arobaini,
na mfuniko bado unavuja hewa kidogo, upande wa kushoto,
mahali ambapo mpira haujakubali.