Choki

Chumvi ya Gongoni haina adabu.
Imekula bawaba za mlango, imekula namba ya gari,
na mwaka wa sita ikapenya chini ya dashibodi
ikaikuta kompyuta imejilalia kwenye kisanduku chake,
ikazilamba nyaya, mmoja mmoja,
kama mtoto na ukoko.

Ndipo pikapu ikashikwa na wazimu.
Ilizima katikati ya daraja la Sabaki,
magunia ishirini mgongoni,
nyuma yangu honi,
chini yangu viboko.

Kaka yangu Tsofa aliulizia bei Mombasa:
kisanduku kipya, elfu sitini na tano.
Cha mtumba, thelathini, na ukitoka dukani hawakujui.
Nikapiga hesabu kwa magunia. Nikaiachia njiani.

Thoya, fundi wa Maweni, hakupiga hesabu.
Alifungua boneti, akanusa.
"Mama Sidi, tuirudishe kwenye kabureta.
Mwacha asili ni mtumwa."
Nikamwambia, "Asili yake ndiyo hiyo unayotaka kuing'oa."
Akacheka mpaka spana ikamponyoka.

Siku tatu.
Injekta nne zilitoka, akazipanga juu ya gazeti
kama meno ya mtu ninayemjua.
Distributa nayo akaibadili,
maana hata cheche ilikuwa ikingoja amri ya kisanduku.
Kabureta ilitoka kwenye gari lililoota majani;
akaisugua kwa petroli na mswaki wake wa zamani,
akapuliza jeti kwa mdomo, akatema.
Matundu hayakuoana.
Akakata bamba la alumini, unene wa kidole,
lililokuwa kidato cha ngazi ya bwawa
katika hoteli ya Waitalia iliyofungwa.
Nyayo laini zilikanyaga pale, zikichuruzika maji.

Tulipowasha mara ya kwanza
pampu ya ndani ya tanki ilisukuma kwa hasira zake za kale.
Kabureta haiwezi hasira.
Ikafurika, petroli ikatiririka juu ya chuma cha moto,
Thoya akatamka neno la Kitaliano ambalo sikuuliza maana,
na kijana wake Bwanaheri akamwaga ndoo ya mchanga.
Ziliungua nyusi tu.
Akalala chini ya tanki, akaitoa ile pampu,
akafunga ndogo, ya bei ya kuku watatu.
"Hii inabembeleza," akasema.

Kisha skrubu. Robo. Akasikiliza.
Robo tena. Akaziba sikio moja kwa kidole cheusi.
"Umesikia?"
Nikaitikia. Sikusikia kitu.

Ila taa ya njano ya dashibodi ilikataa kuzimika,
ikimwita aliyekwisha kuondolewa.
Akaichomoa balbu, akanitia mkononi.
Nilidhani nitafurahi.
Miaka yote ilinionya, nami nikiipuuza
kama maneno ya mama mkwe,
na sasa pale palipokuwa na taa
pana giza la ukubwa wa punje ya mahindi
linaloniangalia nikiendesha.

Saa kumi na moja alfajiri navuta choki,
nahesabu hadi saba, nawasha.
Inakohoa.
Ng'ambo ya ukuta jirani naye anakohoa.
Narudisha choki nusu, nangoja, kwanza isahau usingizi.
Inakunywa zaidi, sitadanganya,
na moshi wake umeninyima shuka nyeupe kambani.

Jana, nikikaribia Mambrui, ilibadili sauti.
Kitu kidogo tu,
kama mtu anayezungumza na pipi mdomoni.
Abiria wangu hakukatisha hadithi yake.
Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti.
Simu ilikuwa mfukoni, namba ya Thoya iko juu kabisa.
Nikatoa bisibisi.
Mikono ilikuwa na chumvi:
nikaifuta kwenye leso kwanza,
kidole kwa kidole,
ndipo nikaigusa ile skrubu.