Lipu ya Gego

Nimepiga lipu nyumba nyingi hapa Newala,
hata ile ya Mchopa, yenye ngazi za kupanda kusiko na ghorofa.
Najua mchanga wa bondeni na mchanga wa kudanganyia.
Ila gego langu mwenyewe nililiacha litoboke
misimu mitatu ya korosho.

Kwanza nilitia karafuu.
Kisha mafuta ya ganda la korosho, kama walivyofanya wakubwa;
shavu likababuka nje na ndani,
Somoe akanitandikia mkeka wa peke yangu
kwa jinsi nilivyokuwa naguna.

"Nenda likang'olewe," kila mtu alisema.
Kwetu jino halitibiwi, linafukuzwa.
Baba alikufa na matatu.
Nyama aliila kwa jina tu:
anainyonya, anaitema, anashukuru.

Daktari wa meno ni msichana, Tekla Nantembo,
vidole vyembamba, kama vya kuchambulia dagaa.
Umeme ulikatika nikiwa nimeshapanua.
Nikafurahi: narudi nyumbani.
Yeye akampa muuguzi simu amulike,
akachukua kijiko, kijiko cha kulishia sisimizi,
akaanza kukwangua, krr, krr,
akitoa ubovu mpaka akafika kwenye ugumu.

Hapo nikamwelewa.
Ukuta mbovu huupaki rangi. Unabandua kwanza.

Akachanganya unga na matone ya kichupa
juu ya kikaratasi, upesi,
nami kwa jicho moja napima:
usizidishe maji, binti, usizidishe.
Hakuzidisha.
Akapaka kidole mafuta ya mgando,
akashindilia,
kama mama anayemziba mtoto mdomo msibani.

"Ng'ata. Fungua. Ng'ata tena.
Usile kwa saa moja."
Saa moja!
Mimi ukuta naumwagilia siku saba,
na Newala maji ni ya kununua.

Nilitaka kumuuliza litadumu miaka mingapi,
swali wanaloniuliza wenye nyumba,
nami huwajibu uongo.
Mdomoni mlikuwa na pamba. Nikanyamaza.
Akajibu bila kuulizwa: "Likitoka, rudi."

Sasa ni usiku, ulimi hautulii.
Unakwenda, unapapasa pale,
unarudi, unakwenda tena,
kama mtu aliyeamka na taa
kutazama kona iliyokuwa ikivuja.

Somoe, kwenye mkeka wetu, anageuka:
linauma?
Haliumi, namwambia.
Nakagua tu.